Barza ya Nyumbani: Umeme wa Kuitosha Redio Ndogo



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumepokea swali la kijana mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Tumeona si swali lake peke yake bali ni la nyumba nyingi, kwa hiyo twalijibu hapa barazani mbele ya wote.

Kijana huyo asema amejaaliwa kupata redio ndogo ya kupokea na kurusha sauti, yenye nguvu ya wati 5. Kwao nyumbani nguzo za umeme hazijafika. Mwenye duka mmoja amemwambia baba yake kwamba redio hiyo haitafaa kitu bila ya "seti kamili", nayo ni betri ya ampea-saa 100, inveta ya wati 1,000 na paneli mbili kubwa za jua, zilipwe kidogo kidogo mpaka msimu ujao wa dagaa. Baba ameelekea kukubali kwa mapenzi ya mwanawe. Mama amekataa, maana fedha iliyopo ni ya sare, madaftari na matumizi ya binti yao aliye shule ya bweni. Kijana auliza: "Maalim, nisimame upande wa nani?"

Mwanangu, usisimame upande wa mmoja wa wazee wako dhidi ya mwenziwe. Keti nao wote wawili, chukua kalamu na karatasi, uwaonyeshe hesabu. Hesabu haina upendeleo. Nasi tutakuandikia hapa, inshallah, namna ya kuifanya.

Kwanza yafaa wazee waelewe chombo chenyewe. Redio ya ridhaa ni redio ya mtu binafsi azungumzaye na wenzake wa mbali kwa ajili ya kujifunza, kujaribu vyombo na kusaidiana wakati wa shida. Si ya biashara, wala si ya kutangazia watu wote kama stesheni. Kila nchi ina alama yake ya mwito: ya Tanzania huanza na 5H, ya Malawi 7Q, na ya Msumbiji C9, nazo ndizo nchi tatu zilizolizunguka ziwa letu. Kabla ya kurusha hata neno moja, ni lazima kupata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Jambo la kheri halianzwi kwa kuvunja sheria.

Wako watakaocheka wakisikia wati 5, kwa kuwa balbu moja ya zamani ilikula wati 60. Lakini sauti ya redio haipimwi kwa wati peke yake. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mtu atazamavyo kwa jicho, na milima ya Umatengo ikisimama kati ya Mbinga na ziwa, huyakinga. Mawimbi ya masafa mafupi, kama yale ya megahezi 7, yana njia nyingine. Hupanda juu kilomita 200 na zaidi, mpaka kwenye tabaka liitwalo ayonosfia, kisha hurudishwa ardhini, nyuma ya mlima. Hivyo mtu aliye chini ufukoni aweza kusikiwa Mbinga mjini, au Songea, au ng'ambo ya ziwa, saa ikiwa njema na antena yake ikiwa nzuri. Na antena yenyewe ni waya tu wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa juu ya miti miwili. Shilingi iliyotiwa katika waya huo yaleta faida kuliko shilingi iliyotiwa katika kuongeza wati.

Ama faida ya kuwa na redio yenye umeme wake yenyewe, mfano hauko mbali. Tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa yetu ilipata hitilafu, umeme ukakatika sehemu kubwa ya nchi. Januari 2022 kimbunga kilichoitwa Ana kiliharibu bwawa la Kapichira huko Malawi, juu ya Mto Shire, mto utokao katika ziwa letu hili, na mtambo wa megawati 129 ukasimama. Minara ya simu nayo hula umeme. Na ziwa lenyewe twalijua. Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama kwa dhoruba upande wa Nyasaland, wakafa watu zaidi ya 140. Redio haizuii upepo, lakini yaweza kupeleka na kupokea khabari pale njia nyingine zinaponyamaza. Sharti lake ni moja: usiku huo betri iwe na umeme ndani yake.

Nalisema hili kwa kuwa limetufika. Miaka iliyopita tuliazima fedha hapa kwetu tukanunua betri kubwa ya gari kwa ajili ya redio ya kusikiliza. Aliyetuuzia alisema, "Kubwa ndiyo nafuu." Tukaitumia kila usiku mpaka redio izime, ndipo tuipeleke kuchajiwa. Masika hayajesha betri imekufa. Usiku mmoja upepo ulivuma kwa nguvu, majirani wenye waume zao ziwani wakaja kusikiliza khabari, na redio ikawa kimya kama sanduku tupu. Wavuvi walirudi salama, alhamdulillahi. Lakini deni la betri tuliendelea kulilipa muda mrefu baada ya betri yenyewe kutupwa. Kosa lilikuwa letu, kwa kununua kabla ya kupima.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1949 huko Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei ndogo kwa ajili ya watu wasio na umeme. Sanduku lake lilikuwa la alumini kama sufuria, na kwa hiyo Waingereza wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Betri yake ilinunuliwa mbali, kwa pauni 1 na shilingi 5, nayo ilidumu saa zipatazo 300. Hebu tazameni hesabu hiyo. Mwenye kununua betri nne amekwisha lipa bei ya redio mara ya pili. Na kama asikiliza saa 4 kila siku, betri hizo nne zimekwisha kabla mwaka haujatimia. Redio hununuliwa mara moja, bali umeme wake hununuliwa maisha yote. Basi mwenye busara huuliza bei ya umeme kwanza, kisha bei ya redio.

Sasa tupime haja ya kijana wetu. Redio za namna hii hutumia volti 12 au 13 hivi. Inaposikiliza hula karibu ampea 0.4, na inaporusha hula karibu ampea 2. Yeye asema hukaa na redio saa 2 baada ya Isha. Mtu mwenye adabu ya redio husikiliza sana na kusema kidogo. Tumpe robo saa ya kurusha kwa jumla, na saa 1 na dakika 45 za kusikiliza. Kusikiliza ni 1.75 mara 0.4, yaani ampea-saa 0.7. Kurusha ni 0.25 mara 2, yaani ampea-saa 0.5. Jumla kwa usiku mmoja ni ampea-saa 1.2. Ukizidisha kwa volti 12 wapata wati-saa 14.4. Hiyo ndiyo haja yake yote.

Twajua pia kwamba katika masika, na katika ukungu wa miezi ya baridi huko juu Umatengo, jua laweza kujificha. Tumwekee akiba ya siku tatu: 1.2 mara 3 ni ampea-saa 3.6. Betri ya risasi na asidi haipendi kumwagwa zaidi ya nusu, basi tuzidishe kwa 2, tupate 7.2. Betri ndogo iliyofungwa ya ampea-saa 7, ile iwekwayo katika vyombo vya kengele za wezi na akiba za kompyuta, ndiyo kiasi chake. Mwenye duka alimtajia 100.

Na paneli je? Tuseme jua lenye nguvu ni saa 4 kwa siku, na katika njia hupotea karibu theluthi moja. Paneli ya wati 10 itatoa 10 mara 4 mara 0.7, yaani wati-saa 28, karibu mara mbili ya haja ya usiku mmoja. Paneli ya wati 20 itamfaa zaidi, kwa kuwa baada ya siku za mawingu itaijaza betri upesi, na betri ya risasi ikikaa siku nyingi bila ya kujaa huharibika. Wati 20 zatosha. Kupita hapo kwa kazi hii ni israfu.

Baada ya kujua kiasi, tuzitazame njia moja moja.

Mawe ya kurunzi ni rahisi kuyapata kila duka, lakini redio yahitaji mawe 8 kwa pamoja, na yale madogo huchoka upesi yanapodaiwa ampea 2. Yafaa kuwa akiba ya safari, si chakula cha kila siku. Mwenye kuyategemea arudia khasara ya redio ya sufuria.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache ili kuamsha injini, kisha ijazwe mara moja. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitoa umeme kidogo kidogo mpaka mwisho kila usiku, huifupishia umri. Kama unayo tayari nyumbani, itumie kwa adabu wala usiishushe chini ya volti 12.2 ikiwa imepumzika. Lakini usiende kuinunua kwa kazi hii.

Betri ndogo ya risasi iliyofungwa ndiyo ya bei nafuu ya kuanzia. Ni nzito kwa kiasi chake, na haistahimili joto. Isiwekwe juani wala chini ya bati. Ikitunzwa itumike nusu tu na ijazwe kila siku, yaweza kudumu miaka michache.

Betri ya lithiamu na chuma na fosfati ni ghali zaidi siku ya kununua. Lakini yaweza kutumiwa kwa sehemu 8 katika 10 bila ya kudhurika, hivyo ya ampea-saa 5 yafanya kazi ya ile ya risasi ya 7 na kuzidi. Ni nyepesi, na hujazwa na kutumiwa mara nyingi sana, aghalabu mara 2,000 na zaidi, ambapo ile ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Sharti iwe na kibao chake cha ulinzi ndani, na kontrola iwe imeandikwa kwamba yafaa kwa betri za namna hiyo.

Kuzipima hizi mbili iko kanuni nyepesi. Gawa bei kwa idadi ya siku zitakazotumika. Ikiwa ya lithiamu ni bei mara tatu, na umri wake ni mara nne au tano, basi ya lithiamu ndiyo rahisi. Lakini asiye na fedha ya leo halaumiwi kwa kuanza na ya risasi, akaweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya ile nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Inveta haina kazi hapa. Inveta huchukua volti 12 za betri na kuzifanya 230, kisha kijana atafute chaja ya kuzirudisha tena kuwa 12. Ni kama mtu atekaye maji ziwani akayapandisha mlimani, kisha akayateremsha tena ufukoni ili ayanywe. Kila safari maji yamwagika. Redio yenyewe yataka 12, na betri yatoa 12. Ziunganishwe moja kwa moja.

Jenereta ya petroli kwa redio ya wati 5 hatuna haja ya kuijadili.

Ama wale wa Mbinga mjini na vijiji vilivyopata umeme wa TANESCO, hasa tangu Gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, wao wana wepesi mwingine. Chombo cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 13.8, kikiwa na betri ndogo ya risasi pembeni iliyofungwa na fundi ajuaye, huwapa umeme wa kila siku na akiba ya usiku wa giza. Kwao paneli si lazima.

Liko jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nalo kwa redio ya namna hii ni kubwa. Vyombo vingi vya umeme vya bei ndogo, kama chaja nyepesi, inveta, na baadhi ya kontrola za sola na taa, hukatakata umeme mara maelfu kwa nukta moja, na kukatakata huko huingia redioni kuwa mvumo. Taa yako itawaka vizuri, simu itajaa, wala hutajua kuna kasoro. Lakini yule mwenzio wa ng'ambo mwenye sauti dhaifu amefunikwa na mvumo huo, humsikii. Dawa zake ni hizi. Kwa umeme wa ukutani, chagua chombo cha namna ya zamani chenye transfoma nzito ya chuma. Ni kizito mkononi, lakini kimya. Kwa sola, leta redio yako dukani ikitumia betri yake, iweke karibu na kontrola iliyowashwa juani, usikilize kabla ya kulipa. Na usiku jua halipo. Ikiwa kontrola yavuma, iondoe katika njia wakati wa kuzungumza, kisha uirudishe baadaye. Tahadhari moja: unapoiondoa, itoe paneli kwanza na betri mwisho, unapoirudisha, anza na betri.

Katika kufunga, yashike haya. Paneli ya jina la volti 12 yaweza kutoa volti 20 na zaidi ikiwa haina mzigo, basi isiunganishwe na redio moja kwa moja, wala na betri bila ya kontrola. Sisi tuko kusini ya mstari wa Ikweta karibu digrii 11, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini na ilale kwa mwinamo mdogo, kiasi cha digrii 10 hadi 15, ili mvua nayo iioshe vumbi. Kivuli cha tawi moja la mwembe hupunguza umeme mwingi. Waya wa betri kwenda redioni uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba hula volti njiani, na redio huzima pale tu unapobonyeza kusema. Weka fyuzi ya ampea 3 au 5 karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ndogo nayo yaweza kuwasha moto nyumba ya nyasi. Angalia chanya na hasi mara mbili kabla ya kuunganisha. Kukosea mara moja kwaweza kuiua redio. Na radi zinapoanza huko milimani, toa waya wa antena redioni na uutupe nje. Usingoje mpaka mvua ifike.

Mwanangu, sasa rudi kwa wazee wako na karatasi hii. Mwambie baba yako, kwa heshima, kwamba mapenzi yake umeyaona, lakini chombo alichotajiwa ni cha kuendeshea nyumba nzima, na wewe haja yako ni wati-saa 14 kwa usiku. Mwambie mama yako kwamba amesema kweli kuhusu fedha ya dada yako, nayo haitaguswa. Kisha waombe ruhusa ya kununua kwa awamu na kwa fedha taslimu, bila ya deni: kwanza betri ndogo na fyuzi, uichajishe kwa jirani mwenye sola huku ukisikiliza na kungoja leseni, halafu paneli ya wati 20 na kontrola, mwisho, akiba ikipatikana, betri ya lithiamu. Jasho lako la kuvuta nyavu laweza kulipia hayo bila ya kumwondoa dada yako shuleni.

Kisha, redio ikishasimama, usiifanye kuwa yako pekee. Kila Ijumaa pima betri kwa mita ya fundi na uandike namba daftarini. Wajulishe majirani wenye watu ziwani kwamba nyumba ile ina redio. Na usiku ule ambao betri imebaki nusu, na rafiki ataka mazungumzo ya kupoteza wakati, muage kwa wema uzime. Dini yetu imetukataza israfu kama ilivyotukataza ubahili, na umeme nao ni mali. Hiyo nusu iliyobaki huenda kesho akaihitaji mtu aliye katika mashua.

Maswali mengine ya nyumbani tuleteeni, nasi tutajibu kwa kadiri ya ujuzi wetu. Wabillahi tawfiq.